Namna ya Kusafisha Jiji Bila Kujenga Hata Chumba Kimoja

Hongera kwa uteuzi. Taarifa imesomwa usiku, simu imejaa meseji, na shangazi ambaye hamjaonana tangu arobaini ya babu amekumbuka namba yako. Kuanzia kesho Dar es Salaam iko mikononi mwako: watu 5,383,728 kwa hesabu ya sensa ya 2022, na tangu siku hiyo hakuna aliyeacha kuzaa, wala aliyeacha kuteremka stendi ya Mbezi na begi lake kichwani.

Muda si mrefu utaambiwa kuna wageni wanakuja. Marais, mashindano ya mpira, watu wa benki kubwa ya nje; haidhuru nani. Jiji litatakiwa liwe safi, na kwa lugha yetu ya ofisini hiyo ina maana kwamba mgeni asimwone mtu aliyelala chini. Usihangaike kutafuta mbinu mpya. Mimi nimekaa nyuma ya wakubwa wengi, nimewaandikia hotuba na kuwashikia mwavuli, na kila mmoja wao alilisafisha jiji hilihili. Fuata haya, utatoka na sifa.

1. Toa siku saba

Usianze na nyumba, anza na tarehe. Simama mbele ya kamera, kunja uso kidogo, useme: "Natoa siku saba!" Siku saba za nini, hilo watajua wasaidizi wako. Wananchi wanampenda mkubwa anayetoa siku. Aprili 2016 mkoa huuhuu uliwatangazia ombaomba tarehe ya kuondoka mjini, la sivyo wafikishwe mahakamani, na ilipendeza mno kwenye taarifa ya habari. Ukisimama leo kwenye mataa ya katikati ya mji, mkono bado unagonga kioo cha gari lako. Lakini tarehe ilitangazwa, bwana, na tarehe ndiyo kazi.

Siku saba zina faida nyingine. Wa kuondoka ataondoka mwenyewe, umeokoa mafuta ya lori. Wa kubaki keshakuwa mkaidi, na mkaidi unajua hafaidi hadi siku ya Idi.

2. Vaa

Kizibao cha kung'aa, buti, kofia ngumu hata kama hakuna kinachoweza kukuangukia. Ufagio uwe mpya, ila mtu auondolee kibandiko cha bei mapema. Fagia Mnazi Mmoja, pana kivuli. Hatua kumi zinatosha. Mpiga picha akishapata, mkabidhi ufagio mama aliyekuwa anafagia pale tangu saa kumi alfajiri, ambaye ulipokuwa unapigwa picha alisogezwa pembeni asiiharibu.

3. Usitunge sheria, zipo

Wakubwa wapya hupenda kuita wanasheria. Usiwasumbue. Kazi hii ilishafanywa na Waingereza mwaka 1824, pale London ilipojaa watu wasio na pa kulala, wakiwemo wanajeshi waliorudi kutoka vita vya Napoleon. Bunge lao likatunga sheria ya kuwakamata wanaolala nje na wanaoomba. Sheria ikapanda meli, ikazunguka makoloni, na ikateremka hapa ndani ya kanuni za adhabu. Mwaka 1944 serikali ya Tanganyika ikaongeza nyingine, ya kuwaondoa mijini "watu wasiotakiwa". Wahuni, kama walivyoitwa, wakapakiwa na kurudishwa vijijini. Wakarudi mjini. Wakapakiwa tena.

Tulipopata uhuru tuliondoa bendera, malori tukabaki nayo. Mwaka 1976 kulikuwa na operesheni ya kila mtu afanye kazi. Mwaka 1983 ikaja Sheria ya Nguvu Kazi, ukikutwa barabarani bila kitambulisho cha kazi unapelekwa ukalime. Wazee wa Magomeni bado wanasimulia jinsi walivyoruka kuta za uwani na suruali ikibaki msumarini.

Uzuri wa kosa la uzururaji ni kwamba halidai kitendo. Mwizi lazima awe ameiba kitu, na kitu kionekane, na mwenyewe aje kukitambua. Mzururaji inatosha awepo. Kielelezo ni yeye mwenyewe, amesimama kizimbani na ndala za rangi mbili. Kesi kumi unazimaliza kabla ya chai ya saa nne.

Yupo atakayekuletea habari za Arusha. Ni kweli: tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako hapohapo Arusha, mwendo wa siku moja kwa basi, ilisema sheria za uzururaji haziendani na Mkataba wa Afrika, na nchi zina wajibu wa kuzirekebisha au kuzifuta. Ni kweli pia kwamba Malawi, mwaka 2017, Mahakama Kuu ilitengua kifungu cha namna hiyo kwa sababu ya kijana mmoja mchuuzi wa mifuko ya plastiki, aliyekamatwa alfajiri akienda kwenye biashara yake. Na Uganda, Desemba 2022, Mahakama ya Katiba ikafanya vivyo hivyo. Mwachie amalize. Kisha mwulize kwa upole: hayo ya Arusha yanaitwaje? Atajibu: maoni ya ushauri. Mshukuru kwa ushauri.

Ukitaka kumfunga mdomo kabisa, mtajie Marekani. Juni 2024 Mahakama ya Juu ya huko iliamua, kwa majaji 6 dhidi ya 3, kwamba mji wa Grants Pass, jimbo la Oregon, hauvunji katiba kwa kuwaadhibu wanaolala nje, hata wakiwa hawana pengine pa kwenda. Sema "hata wenzetu walioendelea," halafu inuka.

4. Usiulize swali la pili

Hapa naomba utulie, maana ndipo operesheni nyingi huharibikia.

Chukua saa nane za usiku, Kariakoo, Mtaa wa Congo. Maduka yamefungwa, baraza zimejaa. Wenyeji wa pale wanalalia maboksi ya friji, mapana, yaliyokunjuliwa vizuri. Wageni wanaunganisha ya sabuni. Kila mmoja ameweka viatu chini ya kichwa, na mwerevu zaidi amefunga kamba ya kiatu kwenye kifundo cha mkono, akiibiwa azinduke. Mgambo anapita na rungu, anagonga unyayo wa wa kwanza.

"Wewe! Amka. Unaishi wapi?"

"Shikamoo, afande. Hapahapa."

"Hapa kwenu?"

"Kwetu Kondoa, afande. Hapa nabeba mizigo."

Ishia hapo. Pandisha garini. Mgambo akiwa mgeni kazini, au ana moyo, ataongeza: "Sasa kwa nini hupangi chumba?" Na kijana atajibu, maana hesabu hiyo anaijua kuliko jina la ukoo wake. Chumba Mbagala, elfu arobaini kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka ya miezi sita, kwa mkupuo: laki mbili na arobaini. Dalali anataka ya mwezi mmoja: laki mbili na themanini. Na elfu kumi ya kuzungushwa kuonyeshwa vyumba, ambayo hairudi hata ukionyeshwa stoo ya mkaa.

Sasa tuseme kijana anapata elfu nane kwa siku, anakula na kuoga choo cha kulipia kwa elfu tano, anabakiwa na elfu tatu. Kwa mwezi elfu tisini. Umeona balaa lake? Huyu mtu kodi anaimudu. Anaimudu mara mbili. Asichokimudu ni kuitoa ya miezi sita siku moja. Ili afike pale lazima aweke akiba zaidi ya miezi mitatu, bila kuumwa, bila siku ya mvua, bila msiba Kondoa, na akiba yenyewe aitunze mfukoni huku amelala barazani na watu arobaini.

Kisha unakuja wewe na operesheni yako. Anakamatwa siku ya themanini. Faini, au kitu kidogo cha kumlainisha mgambo kabla gari halijajaa, na akiba imeyeyuka. Anarudi boksini kuanza moja. Yaani operesheni inajitengenezea wateja yenyewe, haiwezi kukauka, na ndiyo maana nakwambia ni mradi mzuri. Ila mtu mwenye hesabu sahihi kama hizo ni vigumu kumwita mvivu mbele ya kamera. Kwa hiyo swali moja, na gari.

5. Mwenye nyumba usimguse

Watakuja vijana wenye tai kukushauri uzungumze na wenye nyumba: kodi ichukuliwe kwa mwezi, dalali awe na leseni, mkataba usiwe ule wa kununua stationari na kujaza kwa penseli. Kodi ya miezi sita na ya mwaka imesemwa sana, bungeni na redioni. Wewe iunge mkono kwa maneno, kisha ipe kamati.

Sababu ni mbili. Ya kwanza: ile nyumba yako ya Kimara yenye vyumba vya uani, wewe unachukua ya miezi mingapi? Haya basi.

Ya pili: Dar es Salaam inasimama juu ya mama mwenye nyumba. Watu wengi wa jiji hili, makadirio ya kawaida ni kama asilimia 70, wanaishi mitaa isiyopimwa, Manzese, Tandale, Vingunguti, Keko, kwenye nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita: korido katikati, vitatu huku, vitatu kule, choo uani, na kila mlango familia. Aliyepanga analala kitandani na mkewe. Wadogo zake waliokuja kutafuta maisha wanalala mzungu wa nne kwenye mkeka. Hao wadogo bado hawajafika barabarani. Wanasubiri zamu. Siku mama mwenye nyumba akisikia friji inanguruma chumba namba nne, kodi inapanda, na mdogo mmoja anatafutiwa maneno.

Halafu kuna tamu moja usiipoteze. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU. Nyumba ni ya mwenye nyumba, anayenunua umeme ni mpangaji. Mpangaji anayalipia kodi matofali yasiyokuwa yake, na mwezi ukiisha anapandishiwa pango kwa sababu "gharama za nyumba zimepanda". Mimi nikiona kitu kilichosukwa vizuri hivi huwa navua kofia.

6. Peleka mbali, lakini si mbali sana kwenye karatasi

Watu wakishapakiwa lazima washushwe mahali. Kanuni ni rahisi: mahali pawe na jina, pawe na ramani, pasiwe na kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wasio na ajira wa mjini walivushwa kwenda kijiji cha Gezaulole, ng'ambo ya Kigamboni. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, watu wa Bonde la Msimbazi walipewa viwanja Mabwepande, pembezoni kabisa kaskazini mwa jiji. Kiwanja ni kitu cha maana, siwezi kukikejeli. Ila mama aliyekuwa akikaanga samaki Jangwani, wa kununua Feri asubuhi na kuuza Kariakoo jioni, ukimshusha Mabwepande umempa ardhi na kumnyang'anya nauli. Haikuchukua muda, wengine wakawa wamerudi bondeni, palepale penye maji. Desemba 2015 zikachorwa X nyekundu kwenye nyumba za kubomolewa na matingatinga yakateremka.

X nayo ni kipaji. Rangi ya kopo moja inaanzisha operesheni ya mtaa mzima, na mwenye nyumba mwenyewe ndiye anayeanza kung'oa mabati usiku ili ayaokoe. Mpangaji hana bati. Amelipa ya miezi sita mwezi uliopita, na mwenye nyumba hapokei simu.

Ukiona barazani wamepungua na bado una malori, hamia kwa wenye biashara. Oktoba 2021 machinga waliondolewa barabarani, mabanda yakavunjwa, njia za waenda kwa miguu zikaonekana, na sitaki kukuficha, zilipendeza. Ninachokuomba ni usiunganishe mambo. Genge la nyanya likivunjwa Jumatatu na chumba kikafungwa kufuli mwisho wa mwezi, hizo ni idara mbili tofauti. Ya kwanza ni ya biashara. Ya pili ni bahati mbaya.

7. Mchana, shughulikia makalio

Fupi hii. Ondoa mabenchi vituoni, au weka chuma katikati mtu asiweze kujinyoosha. Chini ya madaraja panda maua na uzungushie uzio. Bustani ziwe na geti, geti liwe na mlinzi, mlinzi awe na kiti, kiti pekee ndani ya bustani.

8. Ukishawishika kujenga, kunywa maji ukalale

Kila mkubwa hupata usiku mmoja wa udhaifu. Atakaa peke yake, atawaza: kwani kujenga haiwezekani? Mfano wenyewe unao Magomeni Kota, na ndio unaonitisha. Wakazi wa zile kota za zamani walihamishwa, wakasubiri takribani miaka kumi wakiwa wametawanyika vyumba vya kupanga mji mzima, wengine wakazeeka humo. Machi 2022 maghorofa yakafunguliwa, kaya 644 zikarudi mahali pao. Walirudi, na mpaka leo hawalali Mtaa wa Congo.

Umeona tatizo? Mkubwa aliyewahamisha hakuwa aliyekata utepe. Miaka kumi! Uteuzi gani unaodumu miaka kumi? Nyumba inajengwa na mmoja ikazinduliwa na mwingine, wakati kamatakamata unaianza na kuizindua wiki hiyohiyo, na ukitaka unairudia kabla ya Pasaka. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa 1962 na katika miaka yake ya mwanzo lilibomoa vibanda na kujenga nyumba za watu wa kipato cha chini, na sijui hata mmoja kati yenu anayeweza kunitajia jina la afisa aliyesimamia. Lakini waliotoa siku saba tunawakumbuka wote.

9. Siku ya wageni

Utaratibu unaujua. Julai 2013 Obama alipokuja, tulifika mpaka kuipa barabara ya ufukweni jina lake. Januari 2025 marais walipokuja kwenye mkutano wa nishati, barabara kadhaa zilifungwa na watumishi wakaambiwa wafanyie kazi nyumbani. Kufanyia kazi nyumbani ni agizo zuri sana. Wale wa Mtaa wa Congo walilitekeleza, maana kazini na nyumbani kwao ni baraza ileile.

Msafara ukipita, simama upande wa jua ili uso uonekane. Mgeni akisema jiji lako ni safi, inamisha kichwa, useme ni juhudi za wananchi wenyewe.

10. Wakirudi

Watarudi. Usikasirike na usishangae mbele ya watu. Wapo watakaorudi kwa miguu kutoka uliposhusha lori, wakitangulia lori lenyewe ambalo dereva amelipitisha kwanza kwa nyumba ndogo. Kijana wa Kondoa utamkuta kwenye nguzo yake, na safari hii amepata boksi la friji, amepanda cheo.

Hapo ita mwandishi wako wa hotuba. Kama bado ni mimi, faili utalikuta tayari mezani: jalada la bluu, "Operesheni Safisha Jiji, Awamu ya Kwanza". Hiyo "ya kwanza" niliiweka makusudi, ili uhamisho wako ukitoka ghafla mwenzako asianze na karatasi tupu. Saini ukurasa wa mwisho. Na fungu la mafuta ya malori liombe kabla ya Juni, maana mwaka wa fedha ukifungwa wanalirudisha Hazina, na utaonekana hukufanya kitu.